Akisema amechoka kuishi: namna ya kumwuliza, kumlinda na kumvusha

Ikiwa mtu ameshakunywa kitu au ameshajiumiza, usianzie hapa. Ruka mpaka sehemu iitwayo "Akiwa ameshafanya", kisha urudi baadaye.

Mwongozo huu ni wa ndugu, jirani, mwalimu, mpangaji mwenzako, yeyote aliye karibu na mtu anayeelekea kukata tamaa. Huhitaji kuwa daktari. Hamu ya kufa hupanda na kushuka, na kwa wengi saa zake mbaya kabisa huwa chache. Kazi yako ni kumvusha saa hizo akiwa hai na akiwa na mtu, mpaka wenye taaluma wampokee. Kumponya si kazi yako. Ukichanganya hayo mawili utaishia kutoa mawaidha ya saa mbili huku chupa ya dawa ya kuua wadudu wa pamba ingali chumbani kwake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu watatu kati ya kila wanne wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tuko humo.

Kwanza, soma dalili bila kujidanganya

Mtu mzima wa kwetu hatamki neno lenyewe kirahisi. Atasema "nimechoka", "mtanikumbuka", "nyinyi bakini tu", "mnilelee wanangu", au ataweka status ya kuaga kwenye WhatsApp na kuifuta baada ya dakika kumi. Tenzi moja ya huzuni haikupi jibu. Tafuta mabadiliko: aliyekuwa anakula hali, aliyekuwa halewi sasa analewa kila jioni, halali au analala mchana kutwa, amejitenga na vijiwe vyake, ameanza kugawa vitu, ametoa namba za siri za simu na benki, anamaliza vijideni ambavyo mwaka mzima alikuwa anavikwepa.

Kuna dalili moja inayowapoteza wengi. Mtu aliyekuwa amezama kwa wiki kadhaa anaamka siku moja ametulia, mchangamfu, hana wasiwasi. Familia inashukuru Mungu na kupunguza ulinzi. Huenda amepona kweli, lakini huenda pia ameshaamua, na uamuzi ndio uliompa utulivu. Siku hiyo ndiyo ya kumwuliza upya.

Ongeza uzito kama kuna haya: alishawahi kujaribu (hili linazidi mengine yote), ametoka hospitali hivi karibuni, kuna mtu aliyejiua kwenye ukoo au shuleni kwao, ana maumivu yasiyoisha, anapigwa nyumbani, au ameaibika ghafla. Aibu huwa na kasi. Mkopo wa kausha damu (wa riba kubwa mno) uliofikia hatua ya kubeba samani mbele ya majirani, fedha za ofisi zilizoishia kwenye kubeti, mimba ya mwanafunzi, picha za siri zilizosambazwa, matokeo ya mtihani: mambo kama haya yanaweza kumsukuma ndani ya siku moja mtu ambaye tayari alikuwa amelemewa. Na ule msemo kwamba anayesema hafanyi, uacheni. Wengi waliokufa walikuwa wameshamdokezea mtu.

Nani aulize, na wapi

Si kila mtu anafaa, hata kama anampenda. Baba na bintiye aliyekua, mkwe na mkwewe, mazungumzo hayatafika mbali. Tumieni njia ambazo jamii yenu inazo tayari: shangazi, mjomba, bibi, mtani, rafiki wa jeshini au wa kikoba. Bibi huuliza mambo ambayo mama hawezi.

Tafuta mahali pa faragha ambapo hamtaitwaitwa. Kaeni ubavu kwa ubavu, au tembeeni. Kukaa uso kwa uso mezani kunafanana na kikao cha usuluhishi. Zima simu. Jitengee saa moja na nusu angalau, maana jibu la kweli mara nyingi huja baada ya nusu saa ya "mimi niko poa". Kama amelewa chakari, usijaribu mazungumzo marefu: kaa naye, ondoa vitu vya hatari, mzungumze asubuhi.

Uliza kwa neno lake

Hofu kubwa ya watu ni kwamba wakitaja kujiua watakuwa wamempandikizia wazo. Haiwi hivyo. Utafiti uliofanywa kuhusu suala hili haujaonyesha kuwa kuuliza kunaongeza hatari, na wengi hupumua kwa kuona kuna mtu wa kuambiwa.

Anza na ulichokiona, kisha uulize moja kwa moja:

"Mdogo wangu, tangu mwezi uliopita umebadilika. Huli, na juzi ulisema afadhali ungekufa wewe. Nakuuliza kwa sababu nakujali: unafikiria kujiua?"

Kwa mkubwa wako: "Shikamoo mzee. Nina swali zito, naomba uniwie radhi. Kwa mzigo huu ulio nao, kuna wakati unawaza kujitoa uhai?"

Kwa kijana wa miaka kumi na tatu au kumi na nne, fupisha: "Huwa unatamani ungekuwa umekufa? Unawaza kujiua?"

Baada ya hapo nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi, hata ishirini. Kosa linaloharibu kila kitu ni swali linalobeba jibu lake: "Hufikirii huo ujinga, sivyo?" Hapo umeshamwambia unataka kusikia nini, naye atakupa.

Akikubali, usiruke kwenda kwenye suluhisho. Uliza taratibu, moja baada ya lingine: Wazo hili limeanza lini? Linakujia mara ngapi, na wakati gani ni kali zaidi? Umewaza utafanyaje? Hicho kitu unacho, au unaweza kukipata? Umepanga siku? Uliwahi kujaribu? Na la mwisho, ambalo wengi hulisahau: ni nini kimekuzuia mpaka leo? Jibu la swali hili liweke vizuri kichwani, maana mtalihitaji.

Kusikiliza, na maneno yanayofunga mlango

Rudia alichosema kwa maneno yako ili ajue umemsikia: "Kwa hiyo deni lenyewe unaona lingelipika, ila umeshindwa kuwatazama watoto usoni." Akilia, mwache alie. Huna haja ya kusema jambo la hekima.

Yafuatayo yaache hata kama yanakuwasha mdomoni: "Ni dhambi, utaenda motoni." "Wewe mwanaume, jikaze." "Kuna wenye shida kuliko zako." "Unataka kutuaibisha." Kila moja linathibitisha anachoamini tayari, kwamba yeye ni mzigo. Imani yake inaweza kuwa nguzo kubwa, lakini acha aitaje mwenyewe. Akisema kinachomzuia ni swala zake au kwaya yake, hapo mfuate.

Akikwambia "usimwambie mtu", usiahidi. Sema: "Sitalitangaza, na sitamwambia mtu asiyehusika. Ila maisha yako yakiwa hatarini nitamwita mtu wa kusaidia, na nitakwambia kabla sijafanya hivyo." Atakasirika kwa muda. Hilo linavumilika.

Pima uzito, kisha uamue

Anatamani kufa lakini hajawaza namna wala hana mpango: msiachane bila kukubaliana lini mtaonana tena, isizidi siku moja au mbili, na mpelekeni kituo cha afya ndani ya wiki.

Amewaza namna, lakini hajapanga siku na ana jambo linalomzuia: ondoeni kile kitu leo, andikeni mpango wa usalama leo, alale na mtu nyumbani, hospitali kesho.

Ana namna, ana kitu chenyewe au njia ya kukipata, amepanga wakati, au anasikia sauti zinazomwamuru: hii ni dharura kama ya kujifungua. Asiachwe peke yake hata chooni, mlango usifungwe kwa ndani, na aende hospitali sasa hivi, iwe saa nane ya usiku.

Ukibaki njia panda kati ya ngazi mbili, chukua ile ya juu.

Ondoa kitu chenyewe

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu baada ya kuuliza, fanya hili. Watu hudhani aliyenyimwa njia moja atatafuta nyingine. Wapo wanaotafuta, lakini wengi hawafanyi hivyo: wimbi la saa mbaya hupita kabla hawajapata. Sri Lanka ni ushahidi wa nchi nzima. Walipopiga marufuku viuatilifu (dawa za shamba za kuua wadudu na magugu) vikali zaidi kuanzia miaka ya 1990, vifo vya kujiua vilishuka, na kufikia 2015 kiwango kilikuwa kimepungua kwa takriban asilimia 70 kikilinganishwa na 1995. Kilimo hakikufa.

Funzo jingine limetoka huko huko. Kaya za vijijini zilipewa masanduku yenye kufuli ya kuhifadhia viuatilifu, na utafiti mkubwa uliochapishwa 2017 haukuona kuwa yalipunguza watu kujinywesha sumu. Haishangazi, ufunguo unakaa nyumba hiyo hiyo. Kwa hiyo dawa ya shamba isifungiwe kabatini, itoke kwenye kaya kabisa. Ipelekeni kwa jirani mwenye stoo, kwenye chama cha ushirika, au kwa duka la pembejeo mlikonunua. Msimu wa kupulizia ukifika, mtu mwingine achukue kipimo cha siku hiyo na kurudisha kilichobaki. Sumu ya panya itupwe, mtafute mtego.

Dawa za hospitali kusanya zote, hata za dukani na zilizobaki za mgonjwa aliyefariki. Anazotumia yeye zishikwe na mtu mmoja, ampe za siku moja au za wiki isiyozidi. Silaha yenye leseni ikabidhiwe polisi au kwa mmiliki mwingine anayeruhusiwa kisheria. Pombe nayo itoke: huondoa woga na kuharakisha uamuzi.

Usipekue kwa siri kama askari. Mwombe: "Nipe hiyo chupa nikutunzie mpaka hali itulie." Ajabu ni kwamba wengi huitoa wenyewe. Kisha muulize kama kuna nyingine.

Mpango wa usalama, kwenye karatasi

Muundo wake unatokana na kazi ya wanasaikolojia wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, na unatosha ukurasa mmoja wa daftari. Andikeni pamoja, kwa maneno yake na, ikiwezekana, kwa mkono wake. Wa dereva wa bodaboda ungeweza kusomeka hivi:

*Ninavyojua hali inakuja:* nikiona ujumbe wa mkopo, nikianza kukaa gizani, nikisikia "bora nisingekuwepo".

*Ninachofanya peke yangu:* kuoga maji ya baridi, kuosha pikipiki, kusikiliza mpira redioni.

*Ninapokwenda niwe na watu, hata bila kusema kitu:* kijiweni stendi, msikitini kwa Magharibi, kwa dada.

*Ninaowaambia:* kaka (namba), rafiki wa kijiweni (namba), dada (namba). Watatu, si mmoja. Mmoja anaweza kuwa safarini.

*Wataalamu:* kliniki (siku na saa), namba ya msaada, hospitali ya karibu inayofungua usiku na namba ya mtu mwenye gari.

*Nyumbani kwangu:* dawa za panya hakuna, vidonge anashika dada.

*Kinachonishika:* binti yangu anaanza darasa la kwanza Januari.

Kosa la kawaida ni kuandika mambo mazuri yasiyowezekana, kama "kufanya mazoezi" kwa mtu asiyeweza kuamka kitandani. Mwulize kila mstari: saa nane usiku, utaweza kweli? Akisita, badilisheni. Karatasi ipigwe picha ikae kwenye simu yake na yako. Lile karatasi la "naahidi sitajiua" ambalo wengine huwasainisha watu halina ushahidi wa kumlinda mtu. Linamtuliza mlezi tu.

Kumpeleka

Anzeni na kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Mapokezi msiseme "ana mawazo", mtawekwa foleni. Semeni: "Ana mpango wa kujiua, hatuwezi kumwacha peke yake." Beba dawa zake zote, orodha ya magonjwa, na tarehe ya jaribio la nyuma kama lipo. Penye uhitaji wa rufaa, Tanzania kuna hospitali ya Mirembe Dodoma na idara ya afya ya akili Muhimbili, Zanzibar Kidongo Chekundu, Kenya kuna Mathari jijini Nairobi, Uganda Butabika.

Kwa simu: Kenya, Befrienders Kenya ni 0722 178 177 na laini ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Watoto na vijana wapige 116, inayofanya kazi Kenya, Tanzania na Uganda. Dharura ni 112 Tanzania na Kenya, na 999 Kenya. Ndugu walioko Marekani na Kanada wapige 988, Uingereza 116 123. Jaribuni namba kabla ya kuiandika kwenye mpango. Namba hubadilika, na saa mbaya si wakati wa kugundua hilo.

Familia nyingi huficha kwa kuogopa polisi, na hofu hiyo ina msingi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara ina kifungu cha 217 kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kilichohusu kosa hilo kinakwenda kinyume na Katiba. Popote mlipo, matibabu kwanza. Mkiombwa PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, kwa mtu aliye katika hatari ya kufa, mmoja akaifuate huku mgonjwa anahudumiwa, na ombeni kuzungumza na daktari wa zamu au afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Wanaotaka maombi au dua wasizuiwe. Kiongozi wa dini mwenye busara akimwambia muumini "endelea na dawa zako" amefanya kazi ambayo nyinyi mngeshindwa. Pa kukataa ni pale anapofungwa, anapopigwa, anapolazimishwa kufunga kula, au anapoachishwa dawa.

Akiwa ameshafanya

Aliyekunywa sumu au dawa: piga simu ya gari huku mwingine akimshughulikia. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta, mayai mabichi wala maji ya chumvi. Hayo huingia kwenye mapafu au yanapoteza muda. Kama ni dawa ya shamba, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Aliyepoteza fahamu lakini anapumua alazwe ubavu, kichwa kikielekea chini kidogo ili matapishi yatoke. Chukua chupa au pakiti yenyewe, na kumbuka saa. Hata akisema amebadili nia na anajisikia vizuri, aende: kuna dawa zisizoonyesha dalili siku ya kwanza huku ini likiharibika, na tiba yake hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa chache.

Anayetoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia kila dakika kuangalia. Aliyekutwa ananing'inia, mwinueni mara moja na mwingine akate. Msisubiri polisi wala mjumbe. Asipopumua, minya katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana, mpaka msaada ufike.

Wiki na miezi inayofuata

Siku na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari kubwa, na ndizo ambazo ndugu hutawanyika wakidhani yameisha. Wekeni zamu: nani analala naye, nani anampeleka kliniki, nani anashika dawa. Mlezi mmoja akibeba yote peke yake ataugua naye, kwa hiyo zamu si hisani.

Dawa za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) huchukua wiki mbili mpaka sita kuleta nafuu. Nguvu za mwili huweza kurudi kabla ya moyo kutulia, ndiyo maana kipindi hicho ulinzi usilegezwe. Asiziache ghafla bila daktari.

Mawasiliano mafupi yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Shirika la Afya Duniani lilisimamia jaribio katika nchi tano, Brazili, India, Sri Lanka, Irani na China: waliofika hospitali baada ya kujaribu kujiua walipewa saa moja ya maelezo, kisha wakafuatiliwa mara tisa kwa simu au kutembelewa ndani ya miezi 18. Vifo vya kujiua vilikuwa asilimia 0.2 kwao, na 2.2 kwa waliopata huduma ya kawaida. Nanyi fanyeni hivyo: kila siku wiki ya kwanza, mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, kisha kila wiki mbili. Ujumbe usiwe wa upelelezi. "Nimepita kijiweni, wamekuulizia. Umekula?" inatosha. Mara moja kwa wiki uliza lile swali lenyewe tena.

Habari zake zisiende kwenye grupu la ukoo. Waambiwe wanne watano wanaohusika, na yeye ajue ni akina nani.

Aliye mbali, mathalani mfanyakazi wa ndani Oman au mwanafunzi chuoni, anahitaji maandalizi kabla ya dharura: jina la mtaa na namba ya jengo analoishi, namba ya mtu mmoja aliye karibu naye kimwili, na namba ya dharura ya huko (Oman ni 9999). Akipiga akiwa katika hali mbaya, usikate; tumia simu ya pili, au mtu mwingine ndani ya nyumba, kumpata aliye karibu naye. Na kubalianeni naye mapema: simu tatu ndani ya saa moja zisipopokelewa, yule mtu wa karibu atakwenda kugonga mlango, na hakuna atakayeomba radhi kwa kumwamsha.